Pini Kumi na Mbili za Kiganja

Kompyuta ile ilikuwa haijaanza kuuzwa popote, na ndiyo sababu nilitaka kuishika. Kitu kikishafika sokoni, wauzaji wanakuwa wameshakisifia hadi huoni tena kilivyo. Kikiwa bado hakijatoka, unaweza kukigeuzageuza ukajionea mwenyewe.

Ilikuwa juu ya kaunta ya Taizoon Fidahussein, dukani kwake Usagara, katikati ya feni na betri za sola. Ukubwa wake ni wa kitabu cha nyimbo cha kanisani, na unene wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Kioo upande wa juu, vitufe sita chini ya kioo, na mgongoni reli mbili za chuma zenye mstari wa pini za dhahabu katikati. Kiwandani ilipewa herufi na namba ambazo hakuna aliyezishika kichwani, kwa hiyo Taizoon akaiita Kiganja, na jina likakaa.

"Mama Precious, usikibonyeze hivyo," Taizoon alisema. "Kipo kimoja tu Tanga nzima."

"Ndiyo maana nakibonyeza. Kikivunjika kwa kidole changu, bora mjue mapema."

"Mama," alisema Precious.

Precious ni binti yangu. Ana miaka ishirini na miwili na diploma ya elektroniki, na alikuwa amekaa nyumbani Pongwe miezi kumi na minne akitengeneza redio za majirani kwa asante. Watengenezaji wa Kiganja walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa pwani ya kuanzia Tanga hadi Mkwaja. Wangemfundisha miezi sita, kisha awe fundi wao wa huku. Hawakutaka barua wala vyeti. Walikuwa wamempa Taizoon, wakala wao, mashine moja ya majaribio, na Taizoon akamtaja Precious. Akae nayo siku saba, aijaribu, aandike ripoti. Jumamosi mhandisi wao angekuja kuichukua mashine na kuisoma ripoti. Ripoti ndiyo usaili wenyewe. Ikiwa nzuri, kazi anayo. Ikiwa mbaya, arudi kwenye redio za majirani.

"Haya, nieleze," nikamwambia. "Nina simu. Hii ina nini ambacho simu yangu haina?"

"Betri ya simu yako inatoka?"

"Haitoki. Imegandishwa na gundi."

Akageuza Kiganja, akasukuma kidude pembeni kwa ukucha, betri ikadondoka kiganjani kwake. Hakutumia bisibisi. Akanionyesha mahali pa kadi ya kumbukumbu, mbili, moja juu na moja chini, ili moja ikijaa uendelee na nyingine. Akanionyesha tundu la waya wa masikioni, ambalo simu za siku hizi zimewanyima watu. Skrubu nne tu, akasema, na kitu kizima kinafunguka, na michoro ya ndani watengenezaji wenyewe wanaitoa bure ili fundi yeyote aelewe anachokishika.

"Na hizi reli za mgongoni?"

Hapo Taizoon akatoa boksi. Ndani mlikuwa na vipande sita bapa, kila kimoja na pini zake, na kila kimoja kikiteleza kwenye reli mpaka kinasema *tak*. Vipachiko, Precious aliviita. Cha kwanza kibodi ndogo. Cha pili betri ya ziada. Cha tatu redio ya kutuma ujumbe masafa marefu mahali pasipo na mtandao. Cha nne kamera inayoona joto. Cha tano kilikuwa na waya mrefu wenye kichwa cha chuma mwishoni, cha kupimia maji. Nikakichukua hicho mara moja, kwa kuwa maji ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na tisa nimepima chumvi katika visima vya pwani hii, na diploma yangu inaning'inia ukutani ofisini, kioo chake kimeingia ukungu.

Cha sita kilikuwa kiboksi kitupu.

"Hiki kimekufa?"

"Hapana, hicho kimeachwa makusudi," Precious alisema. "Ndani mna ubao tu na mahali pa kuunganisha nyaya. Unatengeneza unachotaka wewe."

"Chochote?"

"Chochote kinachoweza kuzungumza na pini kumi na mbili."

Nilikishika muda mrefu kuliko vile vingine. Sijawahi kununua kitu kilichokuja na nafasi ya kile ambacho aliyekiunda hakukifikiria. Nikafikiria kamba yetu ya ofisini ya kupimia kina cha kisima, yenye mafundo kila mita, ambayo inabidi mtu asikilize jiwe likigusa maji.

"Hiki kinaweza kupima kina cha kisima?"

"Nikipata kihisi cha mgandamizo wa maji, ndiyo."

"Utakipata wapi?"

"Mama, siku saba."

Nyuma ya kaunta Sakinabai, mama yake Taizoon, alikuwa ameketi kwenye cherehani. Alikuwa ametia mafuta cherehani yake na sasa, kwa kikopo kilekile chenye mdomo mwembamba, alikuwa anatia mafuta kufuli la duka.

"Shikamoo, Sakinabai."

"Marahaba. Umekuja kununua au kuuliza?"

"Kuuliza."

"Kama kawaida yako." Akatazama Kiganja kwa pembe ya jicho. "Kinashona?"

"Hakishoni, mama," Taizoon alimjibu.

"Basi," akasema, akarudi kwenye kufuli.

Siku nne za kwanza nyumba yangu haikuwa na utulivu. Precious alikiangusha Kiganja kutoka mezani, kwa makusudi, mara kumi, akahesabu. Alikichaji kwa sola siku ya mawingu. Aliandika kurasa mbili kwa kibodi ile ndogo akalalamika kwamba kitufe cha nafasi kimewekwa kwa ajili ya mtu mwenye vidole vya mtoto. Mume wangu Rafaeli, ambaye hujifanya hapendi mambo ya mashine, alichukua kamera ya joto kwenda bandani kutazama kuku anayelalia. Alirudi akasema mayai matatu kati ya tisa ni ya baridi, na kwamba alikuwa amejua tangu zamani. Hakuwa amejua. Kisha akaitembeza chumba hadi chumba akituonyesha mahali panya wanapopita juu ya dari, na hiyo nayo Precious akaiandika.

Mimi nilikuwa na ratiba ya Mkwaja siku ya Alhamisi, kupima kisima cha pampu cha kijiji. Nikamwambia aje, alete kipachiko cha maji. Kupima maji ya bomba jikoni hakumthibitishii mtu chochote. Uso wake ulifunguka namna ambayo sikuwa nimeiona miezi mingi.

"Ofisi itakubali?"

"Gari naendesha mimi. Kiti cha pembeni kiko wazi."

Jumatano jioni Precious alikuwa anaoga. Kiganja kilikuwa mezani, kimelala kifudifudi, na zile pini kumi na mbili zikinitazama. Lazima nieleze hapa nilikotoka, la sivyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyo. Nimezaliwa Soni, milimani, ambako jembe la babu hurithiwa na mjukuu. Nilipoletwa kufanya kazi pwani, feni yangu ya kwanza ilioza katika miaka miwili. Bawaba za mlango zililia, zikanyamaza, zikakatika. Pasi, redio, mnyororo wa baiskeli, vyote viliota kutu usiku na mchana, kwa sababu hewa yenyewe ya huku ina chumvi. Jirani yangu wa wakati huo aliniambia, mwenzangu, huku chuma hakiachwi uchi. Tangu siku hiyo sijaacha chuma uchi. Napaka kufuli, napaka vichwa vya betri ya gari, napaka nati za jiko la gesi. Sifikiri, napaka tu, kama mtu anavyofunika sufuria.

Na kesho yake tulikuwa tunakwenda kukaa siku nzima hatua mia mbili kutoka baharini.

Nikachukua kopo la grisi nyeusi tunayotumia kwenye vyuma vya pampu, grisi nzuri, haitoki hata kwa maji ya moto. Kwa ncha ya kijiti cha kiberiti nikazipaka pini za Kiganja, kisha za kipachiko cha maji, safi, bila kumwaga. Nikaosha mikono. Nilijiona nimemsaidia mwanangu.

Tuliondoka alfajiri, tukavuka Pangani kwa kivuko, na saa nne tulikuwa Mkwaja. Bi Mwanamkasi, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitupokea kisimani akiwa na funguo za pampu zimefungwa kwenye pindo la kanga. Ni mwanamke mzee, mfupi, asiyependa kupotezewa muda, na kwa hilo tunaelewana.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, Mama Maji. Leo umekuja na msaidizi?"

"Binti yangu. Na mashine mpya ambayo haijatoka bado."

"Haijatoka, na imefikaje hapa?"

Precious alicheka, akamweleza, na yule mzee akasikiliza kila neno. Akauliza redio ile ya masafa marefu inafika mpaka wapi. Akauliza kama inaweza kusema Kiswahili. Akauliza nani ataitengeneza ikiharibika, na Precious akasema, "Mimi, Mungu akipenda," kisha akaona aibu.

Tulipampu maji, tukajaza ndoo. Kwanza nikatumbukiza kipimo changu cha ofisini, kizee, kinachowashwa kwa kupigwa kofi. Maji matamu hayafiki elfu moja kwenye kipimo kile. Maji ya bahari hufika elfu hamsini. Kisima kikasema mia saba na arobaini, kama mwaka jana na mwaka juzi.

Precious akasukuma kipachiko kwenye reli, *tak*, akatumbukiza kichwa cha chuma kwenye ndoo ileile. Kioo kikawaza kidogo. Kisha kikaandika thelathini na moja elfu.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Arobaini na nne elfu.

Bi Mwanamkasi hakuwa na miwani, akauliza kimesema nini. Nikamwambia kinasema tumechota bahari. Akachota maji kwa kiganja chake mwenyewe, akanywa, akajifuta mdomo.

"Kiambie kije kionje."

Precious hakucheka. Alikaa kwenye baraza ya zahanati iliyo jirani, Kiganja mapajani, akaanza kufungua programu aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya kipimo. Alisoma mstari kwa mstari. Alizima, akawasha. Alipima maji ya chupa aliyonunua Pangani, yakatoka chumvi. Alikiinua kichwa cha chuma juu hewani, kikavu, na kioo kikasema hata hewa ina chumvi elfu ishirini. Muda ulikwenda. Nilimwona akifumba macho kama anavyofanya akijaribu kutolia, tangu akiwa na miaka minne.

"Ni programu yangu," alisema. "Nimekosea hesabu mahali, sioni ni wapi. Kesho kutwa wanakuja. Nitaandika nini? Kwamba kifaa chao kinapima hewa?"

"Ulikipima nyumbani?"

"Jumanne. Kilikuwa sawasawa na chako. Tofauti ya namba tatu."

"Basi kilichobadilika si programu," nikasema, kwa sauti ileile ninayowafundishia vijana wa ofisini. "Uliza tangu Jumanne kimeguswa nini."

Nilikuwa sijamaliza sentensi nikajijua.

Precious alikuwa ameshakivuta kipachiko kwenye reli. Akapitisha kidole juu ya pini, akakitazama. Kilikuwa cheusi.

"Mama."

"Nimezipaka."

"Kwa nini?"

"Chumvi."

"Hapana. Umezipaka *kwa nini*, mafuta gani?"

"Grisi ya pampu."

Akanusa kidole, akakisugua na kingine. "Ile yenye unga mweusi. Ule unga ni kama wa ndani ya penseli, mama. Unapitisha umeme. Pini zote kumi na mbili zinaongea kwa pamoja, kila moja inaingilia nyingine."

Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama nyuma yetu akisikia yote.

"Sasa kosa la mama yako liko wapi?" akauliza. "Angeziacha kavu? Mimi redio yangu, zile springi za betri, nazitia mafuta ya nazi kila Ijumaa. Ina miaka kumi na moja."

Precious akageuka, akamtazama.

"Kila Ijumaa?"

"Kabla sijaenda kuoga."

"Na wengine hapa kijijini?"

"Nani asiyepaka? Yule wa duka la pili anatumia mafuta ya taa, ndiyo maana redio yake inanuka."

Nesi wa zahanati alitupa spiriti na pamba. Precious alisafisha pini moja moja, kwa kijiti, nusu saa. Kisha akakirudisha kipachiko, akatumbukiza kichwa kwenye ndoo. Mia saba na arobaini na mbili. Bi Mwanamkasi akasema, "Sasa kimeonja."

Njiani kurudi, tukisubiri kivuko Pangani, nikasema jambo ambalo sijivunii. Mimi ndiye mtu anayemwambia mchungaji mahubiri yalikuwa marefu. Lakini karatasi ya maelekezo iliyokuja na Kiganja nilikuwa nimeisoma, na ilisema wazi kwamba anayeijaribu mashine asiruhusu mtu mwingine kutia kitu chochote kwenye pini. Precious hakunipa ruhusa, lakini nani angejali hilo?

"Kimepona," nikamwambia. "Hakuna alama. Usiandike."

"Umesema nini?"

"Andika kipimo cha mia saba na arobaini na mbili. Ni kweli. Hayo mengine yalikuwa yangu, si ya mashine, na si ya kwako."

Magari ya mbele yetu yakaanza kuingia kivukoni.

"Wewe ulinichapa nikiwa darasa la tatu," akasema, "kwa sababu nilifuta sufuri kwenye daftari kabla hujaiona."

"Nilikuchapa kidogo."

"Mama, mashine imefika kwetu pini zikiwa hazijafunikwa, na siku ya tano ikapakwa grisi. Na mtu aliyeipaka ana diploma. Hiyo si habari ndogo. Kama hawaijui, wanatakiwa waijue kabla hawajatengeneza elfu kumi."

"Na kama watasema umeshindwa kukitunza?"

"Basi watasema."

Niliwasha gari. Kiburi kile nilimpa mimi, siwezi kumlaumu baba yake.

Ijumaa nzima hakukaa nyumbani. Alikwenda nyumba za jirani, gereji ya barabarani, kwa mama anayesaga nafaka, kwa fundi wa saa. Aliuliza swali moja tu: chuma kikiwa wazi unafanya nini? Alirudi na kurasa nne. Mafuta ya nazi, mafuta ya cherehani, mafuta ya kujipaka ya kikopo cha njano, mafuta ya taa, oili chafu ya pikipiki, na fundi mmoja aliyetumia samli na kushauri wengine wasijaribu, kwa sababu ya siafu. Kati ya watu ishirini na sita, ni wawili tu waliosema hawafanyi chochote, na mmoja wao alikuwa mgeni kutoka Dodoma.

Jumamosi saa tatu Wilfred, yule mhandisi, alikuwa ameshafika dukani. Kijana mrefu, ametoka Arusha, shati limenyooshwa vizuri na mgongoni limeshalowa jasho. Alikuwa amekuja na mfuko wenye mashine nyingine, toleo lililofuata la majaribio, akaliweka juu ya kioo cha kaunta pamoja na vipachiko vyake, pembeni ya Kiganja chetu. Nililitazama mgongoni kwanza. Pini bado zilikuwa wazi.

Alisoma ripoti akiwa amesimama. Kitufe cha nafasi, akatikisa kichwa kukubali. Kuanguka mara kumi, akakubali. Panya wa darini, akatabasamu. Kisha akafika Alhamisi, na tabasamu likaondoka.

"Hii ya grisi," alisema. "Ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Samahani, mama, lakini hakuna mtu anayepaka grisi kwenye pini za kompyuta."

"Kuna mimi."

"Ndiyo, mama. Mmoja." Alimgeukia Precious. "Maelekezo yalisema kifaa kikae mikononi mwako. Nikipeleka hii juu, wataisoma kwamba mtu wetu wa majaribio alikiacha kifaa mezani, basi. Kurasa hizi nne ni maneno ya mitaani. Watu husema wanapaka hiki na kile, redio za zamani hizo. Kitu kipya, cha kioo, chenye dhahabu, mtu anakiogopa."

Taizoon alikuwa anatazama vidole vyake. Precious alikuwa amenyooka kama amemeza rula. Nilifungua mdomo, naye akanigusa mkono, nikaufunga.

"Sijasema wote watapaka," alisema Precious. "Nimesema wengi watapaka, na hawatawaambia."

"Una ushahidi gani?"

Hapo Sakinabai akatoka nyuma na sinia ya chai. Hakuwepo tulipoanza. Alikuwa jikoni, na masikio yake hata akiwa karibu huchagua ya kusikia. Aliweka sinia, akamsogezea mgeni kikombe, akaona kaunta yake imejaa. Akaanza kupanga vitu, kama afanyavyo kila siku, hiki huku, kile kule. Akaokota mashine mpya ya Wilfred. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na macho.

Alikunja uso kama ameona mtoto ametoka nje bila nguo.

Akafika kwenye cherehani, akachukua kile kikopo chenye mdomo mwembamba, akadondosha tone moja katikati ya zile pini kumi na mbili, na kwa ncha ya mtandio wake akalisambaza, taratibu, mwanzo hadi mwisho wa mstari.

Wilfred alikuwa amenyoosha mkono, akachelewa. Chai yake ilimwagika kwenye sahani.

"Mama," Taizoon alisema kwa sauti ndogo.

"Nini? Mgeni ameileta kavu kabisa. Ingekaa hapa wiki mbili ingekuwa ya kutupa." Akamkabidhi Wilfred mashine yake. "Sasa itadumu. Kunywa chai."

Nilijizuia nisicheke, na ilinigharimu.

"Wa pili huyo," nikasema.

Wilfred aliitazama mashine. Akachukua kipachiko cha maji kwa mkono ulio mzito, akakisukuma kwenye reli, *tak*, akakiwasha. Alitumbukiza kichwa kwenye glasi ya maji iliyokuwa kwenye sinia. Mia nne na kumi.

"Kinafanya kazi," akasema, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

"Mafuta ya cherehani ni mepesi, na hayapitishi umeme," Precious alisema. "Pini zikibanana zinayasukuma pembeni. Ya nazi ni hivyohivyo, ingawa yataganda yakipata baridi na kuvuta vumbi. Inayoua ni ya mama, yenye unga mweusi, na oili chafu ya pikipiki, kwa sababu ya chembe za chuma. Nimeyapanga ukurasa wa saba, yasiyo na madhara juu, yenye madhara chini. Huwezi kuwazuia watu kupaka. Unachoweza ni kuweka kifuniko cha mpira kinachosukumwa na kipachiko chenyewe kikiingia, au kuwapa ndani ya boksi mafuta yenu wenyewe yaliyo salama, kwa sababu asipoyakuta atatafuta yake. Nimechora vyote viwili."

Wilfred alifungua ukurasa wa saba. Safari hii alikaa chini kuusoma, kwenye kiti cha wateja, na chai yake ikapoa. Aliuliza mpira wa namna gani. Precious akamwambia kama ule wa mdomo wa kikombe cha kunyweshea watoto, wenye mkato katikati. Aliuliza mkato utadumu mara ngapi. Akamwambia hajui, kwamba angetumia kile kipachiko kitupu kuhesabu, kila kinapoingia kinajiandikia namba, na angemwachia mtu akiingize na kukitoa mpaka mpira uchanike. Wilfred akauliza nani atakubali kukaa akiingiza na kutoa.

"Rafaeli," nikasema. "Baba yake. Mpeni tu kamera ya joto nayo."

Sakinabai akaniuliza kwa nini mgeni hanywi chai. Nikamwambia anasoma. Akasema hata wanaosoma hunywa.

Mwishowe Wilfred alisimama, akaweka ripoti kwenye mfuko wake, si kwenye boksi la mashine, mfuko wake mwenyewe. Akakitazama Kiganja chetu cha kwanza, kile kilichopona.

"Hiki baki nacho," alimwambia Precious. "Mafunzo yanaanza Jumatatu ya wiki ijayo, Arusha. Njoo na michoro ya kifuniko." Akanigeukia. "Na wewe, mama, naomba hilo kopo la grisi. Nataka wenzangu waione."

"Kopo ni la ofisi," nikamwambia. "Siwezi kukupa."

Nikaenda kwenye gari. Nikampimia kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa ya soda, nikakifunga na nailoni na mpira wa mkononi, nikamletea.

"Usiiweke karibu na pini za hiyo mashine yako," nikasema.